Mabehewa Manane, Freni Tatu

Baba mdogo alikuja kukaa kwangu Kasongo baada ya arobaini ya mke wake. Alishuka kwenye pikipiki na mfuko mmoja na redio, na kwa wiki kadhaa hakusema zaidi ya salamu na asante. Ujana wake wote alikuwa dereva wa treni, ng'ambo ya mto Lualaba, mpaka vita vilipokata njia ya reli. Baada ya hapo akalima mpunga kama watu wengine. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Watoto wangu wanasoma Kindu, mume sina tena, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya watu wawili na kimya chao.

Nilikuwa na kompyuta ndogo ya kuandikia maswali ya mitihani. Mwalimu mwenzangu aliporudi kutoka Kindu aliniletea flashi yenye mchezo wa treni: unakaa mahali pa dereva, unashika mikono ya mashine, unafuata reli. Nikafikiri, mzee huyu hasemi, labda atatazama. Nilimfungulia mchana, baada ya kutoka shule, wakati pano ya jua juu ya bati ilikuwa imejaza bateri. Treni ilipita kwenye milima yenye theluji. Alitazama kwa adabu, kama mgeni anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua.

"Hizi ziko za kwao," alisema.

Lakini kwenye flashi ileile mlikuwa na dosye nyingine, folda ya lokomotivi za nyongeza. Hizi zimetengenezwa na watu majumbani mwao, kila mtu ile aipendayo, halafu wakazitoa bure. Moja ilikuwa ya mafuta, pua fupi, madirisha mawili madogo ya mbele. Nilipomwonyesha picha yake alinyoosha mikono akaichukua kompyuta na kuiweka magotini.

"Hii," alisema. "Hii niliiendesha."

Tatizo ni kwamba haikukubali kufanya kazi. Mara ya kwanza haikuonekana kabisa kwenye orodha ya mchezo. Nilihangaika siku mbili kabla ya kugundua kwamba nimeiweka dosye ndani ya dosye nyingine yenye jina lilelile. Nilipoitoa ikaonekana, lakini nyeupe tupu kama sanda, kwa sababu faili za rangi zake zilibaki kwenye flashi. Nikazileta. Ikapata rangi, ikakosa sauti. Mchezo ule una ukurasa ambapo unaandika wenyewe kila kitu ulichokitafuta na kukikosa. Nikausoma mstari kwa mstari, nikakuta kwamba mtengenezaji alikuwa ameazima sauti ya lokomotivi nyingine ambayo mimi sikuwa nayo. Nikaielekeza kwenye sauti ya ile iliyofanana nayo zaidi. Mzee alikaa karibu yangu siku zote hizo. Hakuniharakisha.

Siku injini iliponguruma alifumba macho. Nilitia injini nguvu, nikaachia freni, na treni haikusogea. Nikaongeza. Injini ililia, magurudumu yakabaki palepale.

"Acha," alisema. "Iko inavuta na freni. Utaunguza motere."

"Freni nimeachia, baba mdogo."

"Wewe umeachia. Wago za nyuma haijaachia. Zima, washa tena, usikilize ile pompi ya hewa."

Nikawasha. Pompi ilipiga kidogo, ikanyamaza.

"Inanyamaza mbio sana," alisema. "Wago nane, hewa ya wago nane haijai vile. Pompi inajidanganya kama imejaza."

Nilifungua faili na kukuta kweli. Lokomotivi ilikuwa imeandikwa kwa kipimo kimoja cha hewa, mabehewa kwa kipimo kingine, kama watu wawili wanaouziana mafuta, mmoja anahesabu chupa na mwingine bidoni. Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia kuna njia ya mkato: tufute mistari yote ya freni, behewa moja moja, na treni itatembea mara moja.

Aliweka mkono wake juu ya vidole vyangu.

"Hapana, mama. Usitoe freni."

"Ni mchezo tu, baba mdogo."

"Najua iko muchezo. Usitoe."

Kisha akanieleza, taratibu, akitazama kioo cha kompyuta na si uso wangu. Vita vilipokaribia, watu walijaa kwenye stesheni alipokuwa anaishi na mke wake na binti yao wa miaka minne. Treni yake ilikuwa pale, mabehewa manane. Walimwomba awapeleke kusini. Yeye alipita kila behewa, akapima, akakuta mabomba yamekatika na freni zinashika kwenye matatu tu. Mbele kulikuwa na mteremko mrefu, halafu kona, halafu daraja. Akakataa. Watu walimlaani. Wengine walilia wakimshika nguo. Mwishowe wakaondoka kwa miguu, na mke wake akaondoka pamoja nao akiwa amebeba mtoto mgongoni, aende kwa ndugu zake Kabambare, kwa maana Kasongo napo palikuwa hapaendeki. Yeye aliamriwa na wakubwa wake wa reli abaki alinde mashine. Walitembea siku nyingi hadi mtoni, wakavuka kwa mitumbwi upande wa Nyangwe, wakaendelea kwenye mvua. Mtoto alishikwa na homa. Alikufa njiani, wakamzika walipokuwa, karibu na Lusangi.

Nilikuwa msichana mdogo wakati ule. Nilimkumbuka binti huyo kidogo, jinsi alivyokuwa akila mkate wa muhogo akianzia katikati. Sisi watoto tuliambiwa ni homa, basi.

"Mama yake hakunilaumu hata siku moja," alisema. "Mimi ndiye najiuliza. Hii mashine yako inaweza kujua?"

"Kujua nini?"

"Kama ingesimama. Wago nane, freni tatu, na mteremko."

Nilirekebisha vipimo, treni ikatembea vizuri. Kisha tukatafuta kwenye njia zile za kigeni mteremko unaofanana na wake. Yeye ndiye aliyechagua: mrefu, kona mwishoni, daraja. Akanitajia mabehewa gani yalikuwa na freni. La kwanza, la pili, la sita. Nikaandika.

Sitaficha nilichofanya. Nilifuta freni za la pili na la sita pia. Nilitaka isisimame. Nilitaka aione ikitumbukia, aseme alhamdulillahi, nilifanya vyema, kisha apate kula na kulala kama watu.

Aliendesha mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa vizito kwenye vibonyezo, lakini alijua lini. Alishika freni mapema, juu kabisa ya mteremko. Treni ilizidi kukimbia, ikafika kwenye kona, ikatoka kwenye reli. Kioo kikawa cheusi na kuandika kwamba safari imekwisha.

Akaondoa vidole kwenye vibonyezo. Adhana ya alasiri ilipigwa. Akanawa, akasali, akarudi kukaa palepale.

"Mama," alisema, "umebakisha freni ngapi?"

Nilijifanya natafuta faili.

"Sindano ya mwendo haikurudi hata kidogo. Freni ya wago tatu iko ndogo, lakini haiko ndogo vile."

"Moja," nilisema. "Nisamehe."

"Sina hasira. Najua sababu. Sasa weka tatu."

Nikaweka tatu. Nilikosea kuandika mara mbili. Akaendesha tena. Safari hii sindano ilisita, ikapanda polepole, ikasita tena. Treni ilichukua kona ikilia vyuma vyote, ikaingia darajani, na pale katikati ya daraja ikasimama.

Akarudia. Akachelewa kushika kidogo tu, labda kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili, na ikatoka kwenye reli. Akarudia tena kama mara ya kwanza, ikasimama.

"Kwa hiyo iliwezekana," alisema.

Nilianza kumwambia kwamba ule ni mteremko wa watu wengine, kwamba reli ya mchezo haina mvua wala majani, kwamba mabehewa yale hayakuwa na watu juu ya mapaa.

"Usinifariji," alisema, bila ukali. "Nimeuliza, nimejibiwa. Iliwezekana, na ilikuwa inaweza kuua wote. Leo hii wakinipa tena, na freni tatu, nitakataa tena. Lakini nilitaka kujua nilikataa nini."

Alifunga kompyuta mwenyewe. Jioni alikula sahani nzima ya bugali na sombe ya majani ya muhogo, na mimi ndiye niliyeshindwa kula.

Kiangazi kilipoanza aliniambia anataka kuona kaburi. Hakuwahi kwenda. Wakati wote mke wake alipokuwa hai, hakuthubutu kumwuliza njia. Tukachukua pikipiki mbili. Kufika Lusangi tuliuliza kwa watu waliokuwa wakirudi kutoka mashambani, tukaelekezwa kwa mwanamke mmoja mtu mzima mwenye shamba la muhogo pembeni ya barabara.

Nilianza kumweleza, naye akanikatiza. "Mutoto wa yule mama wa Kabambare? Iko hapa. Njooni."

Alitutangulia kati ya muhogo mpaka mahali ambapo hapakulimwa, ukubwa wa mkeka. Alisema mama yule alikuwa akija kila kiangazi kupalilia. Alikuwa analala kwake usiku mmoja, asubuhi anaendelea kwa ndugu zake. Mwaka huu alikuwa hajamwona.

Baba mdogo alimtazama. Miaka yote hiyo mke wake alikuwa akimwambia anakwenda kusalimia ndugu zake, naye alimwandalia mchele wa kupeleka.

"Alifariki," nilimwambia yule mwanamke. "Huyu ni bwana wake."

Mwanamke akampa pole kwa mikono miwili. Hakuuliza kwa nini hakuja kabla. Majani yalikuwa yamepanda hadi magotini, na baba mdogo akaanza kuyang'oa kwa mikono mitupu, kushoto na kulia, bila mpango. Nikapiga magoti nimsaidie. Baada ya muda akasimama, akafuta udongo kwenye viganja vyake.

"Kichwa kiko upande gani?" aliuliza.

Mwanamke akamwonyesha, palepale mama wa mtoto alipozoea kukaa. Yeye akasogea upande wa pili, kwenye miguu, akakaa chini.