Mafiga ya Shangazi Mwanne

Shangazi yangu, Mwanne binti Shomari, alikuwa na ulimi, nami nimeurithi, kwa hiyo mnivumilie. Pale Kurui walimwita mkorofi. Mkorofi! Bila ukorofi ule mimi ningekuwa udongoni zamani.

Mama alikufa nikiwa mdogo, Shangazi akahamia kwa kaka yake, baba yangu Mwinjuma, akanilea. Nilipovunja ungo, mwaka mmoja kabla ya vita vya Hitla, nikawekwa ndani kama wasichana wote wa Kizaramo siku zile. Mwali hatoki mpaka siku ya ngoma yake, hata miezi ipite mingapi. Chumba changu hakikuwa na dirisha. Nje tu ya mlango wangu, humo humo ndani ya nyumba, yalikaa mafiga matatu ya kupikia, na juu yake uchaga wa mbegu za mahindi. Baba aliupenda moshi ule kwa sababu ulifukuza fukusi, wale wadudu wanaotoboa nafaka.

Masika ikaingia na kuni zake mbichi. Nikaanza kukohoa, kidogo kidogo, halafu mpaka mbavu zikauma na pumzi ikawa ya kutafuta. Baba akasema nimetupiwa jicho baya. Akaitwa mganga, Mzee Mwinyimadi. Na dawa yake ilikuwa nini? Mafusho! Nikafunikwa shuka gubigubi juu ya chungu cha majani yanayofuka. Moshi juu ya moshi, jamani. Nikazimia.

"Mzee wangu, heshima yako nimekupa," Shangazi akamwambia, "lakini chungu chako hicho ondoka nacho."

Kisha akakaa kitandani kwangu akalia. Sikuwahi kumwona akilia. Akamwambia Baba mtoto anakufa, tumtoe apate hewa. Baba akakataa. Mwali akitoka kabla ya siku yake ni aibu isiyofutika, akasema. Posa itarudishwa, na hakuna atakayebisha hodi tena. Shangazi alijua ni kweli, maana naye aliwahi kuwa mwali.

Wiki ileile kukawa na msiba kwa jirani yetu Matano. Siku tatu za matanga watu wote walipika na kula kule, hata uji wangu Shangazi aliuleta kutoka kule. Kwetu moto haukuwashwa. Siku ya tatu aliingia na bakuli, akasimama mlangoni.

"Biubwa, mbona hukohoi?"

"Sijui, Shangazi. Nimelala vizuri tu."

Matanga yakaisha, akawasha moto wake. Maji ya ugali hayajachemka, kikohozi hicho, kimerudi. Akayamwaga yote juu ya kuni.

"Kumbe ni mimi," akasema. "Mkono wangu mwenyewe ndio unaokuua, mwanangu."

Asubuhi akajifunga kanga kiunoni, akang'oa mafiga. Ee! Kwetu mafiga hayaguswi ovyo. Anayeyang'oa anavunja nyumba. Baba akaja mbio kutoka shambani, jembe begani.

"Dada, umerukwa na akili?"

"Mila imesema mwali asitoke," Shangazi akajibu, amekumbatia figa kifuani. "Haikusema moto usitoke."

"Na mbegu? Fukusi wakizila tutapanda nini?"

"Zitaufuata moto. Mbegu si mwali."

Baba akatua jembe, akachukua shoka, akaenda kukata miti. Kibanda cha jiko kikasimama uani, wazi pande tatu, uchaga juu. Wanawake wakipita wanacheka kwamba Mwanne anapikia porini kama mwindaji. Aliyowajibu sitayarudia hapa. Lakini vuli ilipofika mbegu zetu ziliota zote, na vibanda mtaani vilishafika vinne, kimoja cha Mzee Mwinyimadi. Mkorofi, eti.

Siku yangu ikafika. Vigelegele nje, wabebaji wako mlangoni tayari kuniweka begani, na Shangazi kaziba njia.

"Ngojeni kwanza."

Miaka arobaini alikuwa amepika ndani ya moshi. Macho yake yalishaingia ukungu, hata mapambo yangu hakuyaona sawasawa. Akanigeuza, akaweka sikio mgongoni.

"Vuta pumzi."

Nikavuta.

"Tena."

Nikavuta mpaka shanga zikanibana kifuani. Baba anaita kwamba tunachelewa. Shangazi akashikwa na kikohozi chake, kile cha siku zote ambacho hakikumwacha, akangoja kipite, akarudisha sikio. Akasikiliza kwa muda mrefu.

"Kimya," akasema, anacheka na machozi yanamtiririka. "Kimya kabisa. Haya, mtoeni."