Miwani ya Mama na Ijumaa za Baba

Harufu ya chinsaga zikichemka kwenye maziwa siivumilii mpaka leo. Wageni wangu huzisifu mboga hizo chungu na kuomba waongezewe, nami huwaachia sufuria nikaenda kusimama nje. Msidhani ni maringo. Nyumbani kwetu Manga, chinsaga zilipikwa kwa ajili ya Mama baada ya kupigwa, na kwangu harufu yake ni harufu ya damu.

Mama aliolewa kutoka Gesima. Alikuwa mfupi, mwepesi wa kucheka, na alipotazama mbali aliyakunja macho hata siku ya mvua. Baba alikuwa fundi wa kujenga mjini Kisii, akirudi kila Ijumaa kabla Sabato haijaingia. Mimi nilikuwa binti yao wa kwanza, darasa la pili, miaka michache baada ya Uhuru.

Kwetu mke na baba mkwe wake hawazoeani. Tunaita ensoni, heshima iliyochanganyika na haya. Hawashikani mikono, na wakikutana kwenye njia nyembamba, mke hukaa kando akatazama pembeni mpaka mzee apite. Mzee naye haingii nyumba ya mwanawe. Mama aliyajua yote haya. Shida ni kwamba hakumtambua Babu mpaka wawe karibu kugongana. Alimpita kama kisiki. Babu, ambaye hakupenda ugomvi, akabuni kikohozi: akitokeza tu kwenye migomba anakohoa, na Mama anaruka majanini. Mzee wa watu alikohoa hadi majirani wakamletea dawa ya kifua.

Baba hakuona cha kuchekesha. Kila Ijumaa alikuwepo mtu wa kumpasha njiani kwamba mkewe anapita wazee bila salamu, na kila Ijumaa Mama alipigwa, kwa kofi, kwa ngumi au kwa ufito. Akijitetea kwamba haoni mbali, Baba alizidi kuwaka.

"Unaona chawa kichwani mwa mtoto, unaona kijiwe ndani ya wimbi la uji, baba yangu ndiye humwoni?"

Na kweli, hakuna aliyechambua wimbi kama Mama. Hata mimi nilijiuliza, jamani, mtu aone chawa akose kuona mzee mzima? Kesho yake tuliketi kanisani, Baba akiimba kwa sauti nzuri kuliko wote, Mama akiwa amejitanda kitambaa kuficha shavu. Nilimchukia Baba, na hasa nilichukia ile sauti.

Basi Baba akanunua koti jipya, na lile kuukuu la kijivu akampa Babu. Ijumaa moja alasiri, Mama akimngoja mumewe, Babu alipanda kutoka bondeni amevaa koti lile, mkungu wa ndizi begani. Mzigo ulikuwa mzito, hakukohoa. Mama aliona koti. Alikimbia akamshika mkono kwa mikono yake miwili, huku akicheka.

"Leo umewahi, mume wangu! Lete nikupokee!"

Babu aliganda. Mkungu ukaanguka. Wanawake waliokuwa wakitoka kuuza majani chai walisimama na vikapu vyao mgongoni, na mmoja akaziba mdomo kwa kiganja.

Baba alizipata habari kabla hajafika langoni. Aliingia na mpini wa jembe. Hakuuliza kitu. Pigo la kwanza lilimkuta Mama begani akiwa ameinama kwenye moto, la pili mgongoni, na alipogeuka kusema neno, la tatu likatua juu ya jicho. Damu ilimwagika ikamfunika uso.

"Umemshika baba yangu! Kesho unarudi Gesima. Mtoto anabaki!"

Hayo maneno yaliniumiza kuliko chochote. Nilimuuma Baba pajani kwa nguvu zangu zote. Alinikung'uta nikaangukia mafiga, kisha akarudi kwa Mama. Nje Babu alikuwa akinguruma, "Mwache mtoto wa watu! Nyakundi mwanangu, nasema mwache!" Lakini haingii. Mlango ulikuwa wazi, naye alisimama nje akiupiga ukuta kwa fimbo, kwa sababu ya ensoni ile ile iliyomponza Mama. Alipiga mpaka udongo ukaanza kutudondokea, fito zikavunjika, na mkono wake ukatokeza ndani kupitia tundu, umeshika fimbo. Baba alipouona mkono wa baba yake ndani ya nyumba yake, aliangusha mpini.

Bibi, mke wa Babu, alimchukua Mama nyumbani kwake. Aliamini macho ya Mama yana njaa, akamlisha chinsaga, malenge na ini mpaka Mama akaomba msamaha kwa kushiba. Jeraha lilipokataa kufunga, walimpeleka hospitali ya misheni, nami nikafuata. Daktari alimshona, kisha akamwonyesha ubao wa alama, aseme kila moja imeelekea wapi. Mama aliona ile kubwa ya juu tu. Bibi akataja kwa fahari vyakula vyote alivyompikia.

"Endelea kuwapa watoto, mama," daktari alisema. "Asiyepata vyakula hivyo huweza kushindwa kuona giza likiingia. Lakini macho ya huyu mkwe wako hayana njaa. Picha ya kitu cha mbali inaishia njiani, haifiki nyuma ya jicho. Mboga haziwezi kuisogeza. Miwani inaweza."

Babu aliuza beberu lake, miwani ikaja, mizito, fremu nyeusi. Mama alisimama uani akawataja kwa majina wachuma chai wa mlima wa ng'ambo, mmoja mmoja, akilia na kucheka. Sasa alimkwepa Babu kutoka mbali kiasi kwamba mzee alilalamika kwani yeye ana ukoma. Habari ya Gesima ikafa. Baba hakuomba radhi, ila Ijumaa zikatulia. Niliwaambia wenzangu shuleni kwamba miwani hutibu hasira za mwanamume, na nilipoomba usiku nilimshukuru Mungu kwa vile vioo. Ijumaa nyingi Mama alinichukua tukapukuchue mahindi kwa Bibi, tukalala huko, nami nilidhani ni raha tu.

Nilikuwa tayari mke wa mtu, nami nina alama ya kiganja shavuni, nilipomuuliza Mama jinsi Baba alivyobadilika. Alivua miwani akaifuta kwa leso.

"Abadilike nani? Baba yako akishuka mlima ule wa ng'ambo, nilikuwa nautazama mwendo wake. Akija ameshika kofia mkononi, nilijua ameshaambiwa neno njiani. Nilikuwa nakuita, tunaondoka. Zamani nilikuwa namwona akiwa ameshafika."