Muhogo Ulionifanya Marehemu

Chekeni tu, nimeshazoea, ila aibu niliyoipata Mbarara siku ile hata sabuni haiitoi. Mimi ni fundi cherehani, nimepanga chumba kimoja nyuma ya kambi ya jeshi, majirani zangu ni wake wa askari, na kwa miezi minane tulikuwa tukisalimiana tu, basi. Kila jioni matoke, nakula nashiba lakini moyo haushibi, kwa sababu kwetu Rubondo, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale (na kabla ya hapo Kivu) mama alitulea kwa ugali wa muhogo uliolowekwa hadi ukachachuka. Upweke ukanizidi, nikampigia.

"Mwanangu, weka mihogo mu mayi siku tatu," akasema. "Kama haiyanuka, haiyaiva."

Basi Alhamisi nikajaza beseni maji na mihogo, nikalisukuma chini ya kitanda, nikafunga dirisha (niliona haya, wasije wakaniuliza ninakula nini), na Jumamosi nikashuka Nakivale kumsalimia mama, nirudi kesho yake nianike. Nikamkuta ana malaria, nikakaa mpaka Jumatano, na simu ikaisha chaji.

Kurudi nakuta getini watu wamejaa, wameziba pua. Nikamuuliza mwendesha boda mmoja kuna nini.

"Mukongomani moja alikufa ndani, iko naoza," akanijibu. "Alikuwa anakaa peke yake."

Nikaingiwa na huruma, nikavua kofia (jamani, nilijivulia kofia mwenyewe!), nikapenya mpaka mbele, ndipo nikaona mlango uliovunjwa ni wangu, na askari anatoka kinyumenyume na beseni langu mikononi.

"Hiyo ni chakula yangu," nikasema.

Kikazuka kicheko cha kung'oa mabati, askari anatema mate, watoto wananiita maiti, jina ambalo bado linanifuata mpaka sokoni. Nami nikacheka, ningefanyaje. Asiyecheka alikuwa mke wa sajini wa mlango wa pili, ndiye aliyewaita askari, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Tulitaka kuita familia yako," akasema. "Hakuna mtu hapa alijua jina yako. Wewe naitwa nani?"

"Byamungu," nikasema, na ikabidi nirudie.

Kile kicheko hakikuniuma kama swali lile. Muhogo niliumwaga, nikaapa sitauloweka tena chumbani. Nanyi mnaokwenda kupanga ugenini, mwambieni jirani jina lenu mapema, kabla hajalitafuta la kuandika msalabani.