Paka Aliyeandikwa Jina la Mwenzangu

Wanaonijua wanajua kwamba kinyongo hakinitoki upesi. Dada yangu kule Dar husema naweza kununa mwaka mzima huku nakupikia pilau. Basi nitaeleza jinsi nilivyomlipizia mwenzangu hapa Guangzhou, na sitajifanya najuta kuliko ninavyojuta.

Paka nilimwokota mimi. Nilikuwa nakagua mzigo wa ndala kwenye stoo moja ya Liuhua, nikafungua katoni, nikakuta kitu cha rangi ya majivu kimelala juu ya viatu, jicho moja limeziba kwa tongotongo. Mwenye stoo akaniambia nimtupe nje. Nikamtia ndani ya mkoba pamoja na sampuli zangu, nikaenda naye nyumbani. Sikumpa jina. Nilimwita Paka, naye akawa anaitika.

Nyumba nilipanga na mwenzangu, Mkenya wa Nairobi, mnunuzi wa viatu kama mimi. Ghorofa ya saba, jengo la zamani lisilo na lifti, madirisha yote yana nondo. Tulipatana vizuri. Yeye alikuwa mcheshi, anajua kubishana bei hadi laoban, bosi wa kiwanda, anacheka mwenyewe, na mimi najua kupika. Paka alilala miguuni kwangu. Mwenzangu alimwita "huyo mpangaji wako asiyelipa rent", akawa anamsukuma kwa kisigino akipita.

Viza yangu ikaisha, nikarudi Dar kwa mwezi na nusu. Laini yangu ya simu ya huku ikafungwa, kama inavyokuwa ukiiacha. Nikiwa kule nikamtumia mwenzangu ujumbe wa sauti: tafadhali, mpeleke Paka kwa daktari achanjwe. Akampeleka. Kwa daktari wakataka namba ya simu inayofanya kazi, akatoa yake. Wakamtia na chipu chini ya ngozi, nayo ikasajiliwa kwa namba hiyohiyo. Akanitumia picha ya kijitabu cha chanjo: jina la mwenye paka, lake. Nikacheka, nikamjibu ahsante dada, Mungu akulipe.

Hapo ndipo nilipolala usingizi. Na mimi si mgeni wa mambo haya. Miezi michache kabla, mimi na yeye tulimkuta mama mmoja wa Kariakoo analia kwenye ofisi ya ajenti, kwa sababu marobota yake yalisafirishwa kwa jina la mwanamke mwingine, na yule mwanamke kadai ni yake. Tukishuka ngazi nilimwambia mwenzangu kwa kiburi cha mtu mzoefu, "Mwenye mali ni yule aliyeandikwa kwenye karatasi. Basi. Angelijua hilo kabla." Mwenzangu akatikisa kichwa, na kumbe alikuwa anasikiliza vizuri.

Sasa nieleze habari ya ndege, maana bila hiyo kisa hiki hakieleweki.

Kwenye mlango unaotazamana na wetu alikaa mzee mmoja, mgane, mstaafu. Alikuwa na ndege wa kuimba ndani ya tundu la mianzi lililofunikwa kitambaa cha buluu. Kila asubuhi alilibeba hadi bustanini, akalitundika mtini pamoja na matundu ya wazee wenzake, wakanywa chai huku ndege wao wakishindana kuimba. Adhuhuri alirudi na kulitundika kwenye kibaraza chake, kinachopakana na dirisha letu la jikoni. Nilipokuwa nakatakata vitunguu ndege yule aliniimbia, na sikumlipa kitu.

Alasiri moja nilifungua kimlango kilicho kwenye nondo za dirisha la jikoni ili nianike kanga. Simu ikalia. Mteja wa Dar alikuwa analalamika kuhusu rangi, amepelekewa maruni badala ya nyekundu, nikaingia chumbani tukabishana muda mrefu. Kimlango sikukifunga. Nilipotoka, Paka alikuwa katikati ya jikoni, ndege mdomoni, na manyoya yametapakaa sakafu nzima.

Kitu cha kwanza nilichofanya kitawachekesha watu wa biashara. Nilipiga picha. Sisi katoni ikifika imelowa au imechanika, hatuigusi kabla ya kuipiga picha, na mkono wangu ulishazoea. Nilipiga tatu. Kisha nikafagia, nikamtia ndege kwenye mfuko mweusi, nikaenda kumtupa kwenye pipa la karibu na metro, mbali na mtaa wetu. Mwenzangu siku hiyo alikuwa bandarini Huangpu na ajenti wake tangu asubuhi. Sikumwambia. Sikumwambia mtu.

Mzee akabandika tangazo kwenye ngazi, lenye picha ya ndege wake. Tundu alikuwa amelikuta mlango umelegea na kitambaa kimevutwa, akaamini ndege katoroka. Aliendelea kulitundika. Nilimwona kwa dirisha akibadilisha maji kwenye kikombe kidogo cha kaure, kila siku maji mapya, ya ndege ambaye hayupo. Tukikutana kwenye ngazi nilimsalimia kwa heshima zote, kisha nikaingia ndani na kukaa kitako kitandani.

Mwezi uliofuata mimi na mwenzangu tukagombana. Nilikuwa nimemchorea laoban wangu mtindo wa kiatu, kisigino kifupi na ua la kitambaa, na mwenzangu akanizunguka, akaagiza mtindo uleule kwa laoban yuleyule, ukafika Nairobi kabla wangu haujafika Dar. Nilimwambia maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasikia. Kesho yake nilirudi kutoka sokoni nikakuta kabati lake tupu. Paka hayupo. Bakuli lake nalo halipo, hata ule mchanga wake umebebwa.

Nikampigia. "Rudisha paka wangu."

"Paka wako nani? Si kitabu kiko na jina yangu? Chip iko na namba yangu. Wewe mwenyewe ndio ulinifunza, dadangu. Mwenye karatasi ndio mwenye mali."

Nilimpeleka ofisi ya mtaa. Pale kuna msuluhishi, mama wa makamo mwenye chupa ya glasi iliyojaa majani ya chai, anayesikiliza kesi za majirani: maji yanayovuja, kelele, mbwa. Nilikwenda na picha zaidi ya mia za Paka tangu jicho lake limeziba. Mwenzangu alikwenda na kijitabu. Msuluhishi alikuwa mtu mwenye haki, alinisikiliza vizuri kwa Kichina changu cha sokoni. Akamuuliza mwenzangu: huyu anasema yeye ndiye aliyemlea, wewe unasemaje?

Na mwenzangu, kwa kuwa hakutosheka kushinda na alitaka kunizika kabisa, akasema, "Tangu siku ya kwanza nimemlea mimi. Chakula mimi, daktari mimi, kila kitu mimi. Huyu alikuwa anakaa naye tu nyumba moja."

Msuluhishi akayaandika yote hayo. Mwenzangu akatia sahihi, kisha akabonyeza dole gumba kwenye wino mwekundu na kulikandamiza chini ya sahihi yake, kama wanavyofanya huku. Niliitazama ile alama ikikauka. Paka akaandikwa wake.

Wiki tatu zilizofuata sikulala vizuri wala kula vizuri. Angenyamaza, labda ningeshindwa na kusahau. Lakini alikuwa ananitumia video. Paka kwenye sofa jipya. Paka amevalishwa tai. Paka anakula kamba wa baharini, na sauti yake nyuma inasema, "Msalimie aunty." Nilizitazama zote mpaka mwisho, tena na tena. Na siku moja, nikitafuta kwenye simu picha ya katoni iliyolowa, vidole vyangu vikapita juu ya zile picha tatu za jikoni. Nikasimama palepale katikati ya soko, watu wakanipiga vikumbo na mikokoteni yao. Nilifurahi. Siwezi kusema vingine.

Nilinunua keki, nikabisha mlango wa mzee. Nikamwonyesha picha.

Alizitazama muda mrefu, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Alipofika picha ya pili akaweka kidole juu ya bawa. Kisha akauliza kwa upole kwa nini sikumwambia siku ileile.

"Nilimwogopa mwenye paka," nikasema. "Tulikuwa tunakaa nyumba moja. Ni mtu mkali."

Uongo ulitoka laini bila kukwama popote. Kuhusu kimlango cha nondo sikusema kitu, na yeye hakuuliza. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kunishukuru.

Mzee akapeleka madai yake, tukarudi ofisini pamoja, chumba kilekile, mama yuleyule na chupa yake. Mwenzangu aliingia amepaka lipstiki, simu mkononi, akidhani nimekuja kumlilia tena. Msuluhishi akamweleza: sheria ya hapa inasema anayemfuga mnyama ndiye anayejibu madhara ya mnyama huyo. Akamwonyesha picha.

"Lakini mimi siku hiyo sikuwa nyumbani!" mwenzangu akasema. "Nilikuwa port! Huyu paka alikuwa naye yeye. Yeye ndiye alikuwa anamlea!"

 Msuluhishi alifungua faili, akatoa karatasi, akaisoma neno kwa neno. Tangu siku ya kwanza nimemlea mimi. Chakula mimi, daktari mimi. Akaigeuza karatasi na kuisukuma mezani, alama ya dole gumba ikielekea kwa mwenyewe.

Natamani kila mtu aliyewahi kudhulumiwa apate dakika moja kama ile. Uso wake ulishuka. Aliiangalia karatasi, akaniangalia mimi, akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, "Dirisha iliachwa wazi na nani?"

Nikamtazama machoni. "Mimi nilikuwa nakaa naye tu nyumba moja."

Msuluhishi akamuuliza mzee anataka afidiwe vipi. Mzee akasema pesa hataki. Ndege mwingine pia hataki, kwa kuwa ndege yule alifundishwa kuimba na marehemu mkewe, aliyekuwa akimpigia mluzi kutoka kitandani wakati wa ugonjwa.  Mwenzangu akarusha mikono.

"Basi achukue paka! Mimi nimechoka na hii story. Amchukue, tumalizane."

Nilitegemea mzee akatae. Nani angemtaka? Lakini mzee alifikiri, akaitikia kwa kichwa. "Nitamchukua," akasema.

Nikasikia sauti yangu ikisema hapana. Nilikuwa nimeshasimama. Msuluhishi akanigeukia, kalamu mkononi.

"Wewe una nini na huyu paka?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa tayari kuandika.

Wote watatu walinitazama. Ningesema ni wangu, nimemwokota mimi, nimemlea mimi, kimlango nilikiacha wazi mimi, ndege nilimtupa mimi kwenye pipa la metro na miezi miwili nikamsalimia mzee huyu kila asubuhi. Huenda ningepewa paka. Lakini mzee angejua, na mwenzangu angetoka pale anacheka. Nilimwona tayari mdomo umeanza kumcheza. Alikuwa ameelewa kabla yangu.

"Sina kitu," nikasema, nikakaa.

Mwenzangu alitia sahihi ya kumkabidhi paka, akakandamiza dole gumba tena. Tukitoka, akanipita kwenye ngazi na kusema, "Tuko sawa sasa, dadangu." Hajanitumia video tena.

Nilihofia mzee atamtesa. Nilitega sikio ukutani siku nyingi. Nilichosikia ni kijiko kikigonga bakuli, na mzee akizungumza peke yake, kisha hakuwa peke yake. Paka amenenepa. Alasiri hulala kwenye kibaraza chini ya tundu tupu, nami namwona nikikatakata vitunguu. Kimlango cha nondo nimekifunga kwa waya.

Mwenzangu ameshindwa mbele ya watu, kwa karatasi yake na kidole chake mwenyewe. Nikikumbuka uso wake siku ile bado naona raha, na ningeulizwa kama nitarudia, sijui ningejibu nini.

Ila mzee hunibishia mlango kila Jumapili na mfuko wa machenza. Amewaambia majirani wote kwamba mimi ndiye mtu pekee katika jengo hili aliyemwambia ukweli. Jumapili iliyopita alipofungua mlango wake Paka alitoka nyuma yake, akaja hadi kizingitini kwangu, akanusa ndala zangu, akajipitisha kwenye kifundo cha mguu wangu. Niliuma ulimi nisimwite. Mzee akamwita kwa jina alilompa, na Paka akageuka, akaenda.