Zamu Yangu ya Kuonja Maji

Nilimeza kidonge cha mchana mara mbili. Afadhali niseme mapema, maana ndio upumbavu uliozaa mengine yote. Wala sikukipenda, kidonge chenyewe kichungu kiasi kwamba ukimpa nguruwe-mwitu atakitema, kisha aende kukushtaki kwa chifu. Ni kwamba nilijikuta nimesimama mbele ya kopo la dawa, gilasi mkononi, maji yamebaki nusu, na sikujua kama ndio kwanza nimekuja kumeza au nimeshameza na ninaondoka. Nikalitazama kopo. Kopo nalo likanitazama. Nje mama alikuwa akitwanga mpunga, mchi unapiga, unapiga, na ningepaza sauti tu, "Mama, nimemeza?" Angejibu, basi, mambo yangeisha.

Nikameza.

Kilichonifunga mdomo ni maneno aliyoniambia asubuhi hiyo, bila kunitazama: "Mimi leo navuka ng'ambo kwenda matangani. Mlango wa maji utaulinda peke yako. Ukiuweza, Jumatatu unarudi shule. Ukikushinda, muhula huu utakaa hapa na mimi, tuone."

Lile "tuone" lilinitisha kuliko mamba. Nawajua watu waliokaa nyumbani wakaonwa. Kuna mmoja hapa kijijini Kau alianza kuonwa mimi nikiwa darasa la tatu, na mpaka leo bado wanamwona.

Ni hivi. Wakati wa ile mvua ya El Nino, mto ulipokula nyumba zetu na sisi tukawa tunaishi juu ya tuta pamoja na mbuzi, mimi niliacha kulala. Niliongea mchana kutwa, nikaongea usiku kucha. Mwanzoni watu walicheka, maana hapa kijijini kazi ya kuchekesha ni yangu. Halafu nikawaambia kwamba mamba wa pale chini wanaita rejista na jina langu limefikiwa, nikaingia majini kuitikia, "Nipo!" Mjomba alinivuta kwa ukosi wa shati, maji yakiwa kifuani. Siku hiyo hakucheka mtu.

Nikapelekwa hospitali, nikarudi na kopo langu. Asubuhi, mchana, usiku. Na kweli, mamba wakafunga shule. Nikalala. Nikanenepa. Mama akaanza tena kuimba jikoni.

Lakini vidonge navyo vilikuwa na tabia zao. Kule shuleni Garsen, Form Two, nilisoma mstari wa Historia, nikafika mwisho wake, mwanzo umefutika. Nikarudi mwanzo, mwisho ukafutika. Mwalimu akiuliza swali, nililisikia vizuri kabisa, na nilipofungua mdomo swali lenyewe lilikuwa limeshaenda zake. Hayo ningeyavumilia, hata waliokuwa na akili zao timamu hawakuijua Historia. Kilichonitia baridi ni siku niliposimama mbele ya darasa, mwalimu hayuko, nikaanza kisa cha ng'ombe aliyepanda kivuko bila kulipa. Nilikuwa na kisa chote kichwani. Nikaigiza ng'ombe, nikaigiza askari, nikafika pale ng'ombe anapomgeukia askari amjibu, na pakawa patupu. Hakuna neno. Watoto midomo wazi, wanasubiri.

"Malizia basi, we mtu wa ndizi!" akapiga kelele rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja, kijana wa Kiorma, kwao wafugaji kama kwetu wakulima, ambaye hajawahi kuniita kwa jina tangu tuonane.

"Ndio mwisho wenyewe," nikasema. "Ng'ombe hasemi, we mtu wa maziwa. Umewahi kusikia ng'ombe wenu akisema?"

Wakacheka mpaka wakapiga madawati. Mimi nikaenda chooni, nikajifungia. Nilijiuliza: kama hata mizaha imeondoka, huyu aliyebaki ndani ya sare yangu ni nani?

Sikumwambia mtu. Nikisema vidonge vinanisahaulisha, wataniachisha, na mamba watafungua rejista. Nisiposema, nitaendelea kumomonyoka kidogo kidogo kama ukingo wa mto, mpaka siku moja mama aamke akute mtu mnene, mpole, asiyejua jina lake. Yeye alikuwa ameshaanza kuona. Wiki hiyo ya likizo alinituma chumvi dukani nikarudi na mafuta ya taa, tena nikayakabidhi kwa fahari. Alinitazama jinsi anavyotazama mpunga unaoanza kuwa manjano kabla ya wakati.

Kwa hiyo mlango wa maji ulikuwa mtihani wangu, na wasiojua kilimo chetu niwaeleze kidogo. Sisi huku karibu na mdomo wa Tana hatungoji mvua ituonee huruma. Wakati wa bamvua, bahari ikijaa sana, inausukuma mto urudi nyuma. Maji matamu ya mto yanapanda, yanaingia mferejini, yanalala shambani, na mpunga unakunywa. Lakini nyuma ya maji matamu yanakuja ya bahari yenyewe, polepole, bila kubisha hodi, hasa Agosti mto ukiwa mdogo. Mlinzi anakaa mlangoni anaonja. Anachota, anaonja, anatema. Yakianza tu kukolea chumvi, anaziba kwa vigogo vya migomba na udongo, haraka. Hakuna chombo cha kupimia wala saa. Ni ulimi wako na kukumbuka yale ya mwanzo yalikuwaje.

Kukumbuka. Mnaona nilipotegwa.

Nilifika mlangoni jua limeanza kulegea. Bibi wa shamba la pili alikuwa anapita na kombeo la kufukuzia ndege. Hatuna undugu wa damu, lakini shamba lake linakunywa mfereji mmoja na letu, na tangu nikiwa mtoto ananiita mume wake.

"Mume wangu, leo askari ni wewe?"

"Ni mimi, mke wangu. Toa kitambulisho."

"Kitambulisho ni haya makunyanzi. Mengine ni kazi yako." Akacheka, kisha akanitazama machoni. "Mbona macho mazito? Umekula nini?"

"Mapenzi yako tu."

"Mwongo. Haya, mimi niko kule mwisho na hawa ndege washenzi. Yakigeuka piga ukelele, nije tuzibe."

Nikachota. Matamu, yenye tope, ladha ya mto wetu. Hapo nikajiona mjanja kuliko wote waliowahi kulinda mlango ule. Nilikuwa na kikombe cha plastiki. Nikakijaza yale maji ya kwanza, nikakiweka juu ya tuta, kivulini. Kila nikionja ya mferejini, nitaonja na ya kikombe, nilinganishe. Kichwa kikisahau, kikombe kitakumbuka. Nilifurahi hata nikaanza kujipongeza kwa sauti, "Kijana, wewe huna ugonjwa, una kipaji."

Maji yakapanda. Yakaingia kwa ulaini, yakasambaa katikati ya mashina ya mpunga, na vyura wakaanza fujo zao. Na kile kidonge cha pili, kama kweli kilikuwa cha pili, kikaanza kazi. Mdomo ukakauka kama gunzi. Ulimi ukanata juu. Kope zikawa na uzito wa nyavu zilizolowa. Sikulala, naapa sikulala. Nilikuwa nimekaa macho wazi, natazama maji, na kati ya kutazama na kutazama kulikuwa na matundu.

Nikachota, nikaonja. Nikaonja kikombe. Sawa.

Tundu.

Nikachota, nikaonja. Nikaonja kikombe. Sawa kabisa. Nikajisemea mambo yanaenda vizuri. Nikajaribu kujisimulia kile kisa cha ng'ombe wa kivuko ili nisizubae. Nikafika palepale, ng'ombe anageuka, kimya. Nikaanza upya. Jua lilikuwa limesogea na sikuliona likisogea. Hilo lilinishtua, nikachota, nikaonja, nikaonja kikombe. Sawa.

"Mume wangu!"

Bibi alikuwa anakuja juu ya tuta, anakimbia, na sijawahi kumwona akikimbia maishani mwangu. Alikuwa amelowesha kidole kule shambani kwake. Akakitia tena mferejini, akalamba, akatema.

"Mchuzi huu! Mchuzi! Unatupikia mpunga ungali shambani?"

"Hapana, bibi, nimelinganisha, ni sawa na yale ya..." Nikamnyooshea kikombe.

Akalamba. Akanitazama, safari hii bila utani. "Na haya pia chumvi."

Hapo ndipo nikakumbuka. Si kwamba nilikumbuka hasa. Ni kama mtu anayekuta nyayo zake mwenyewe mahali ambapo hajui kama alipita. Kiu. Mdomo ulikuwa mkavu, na kikombe kilikuwa karibu, nami nikayanywa yale maji matamu yote. Kisha nikakijaza tena kutoka mferejini na kukirudisha palepale kivulini, kwa adabu nzuri. Tangu hapo nilikuwa nalinganisha chumvi na chumvi, na kujisifu.

"Shuka uzibe!" bibi akasema.

Nikashuka. Maji yalinifika mapajani, yanasukuma kwa nguvu za bahari. Bibi ananipa vigogo, mimi navishindilia, nachota udongo chini ya miguu, naweka, unaondoka, naweka tena. Mikono ilikuwa mizito kama ya mtu mwingine niliyoazimwa. Kule mtoni, nje kidogo ya mdomo wa mfereji, palikuwa na kitu kirefu cheusi kimeelea. Gogo, nikajiambia. Magogo yamejaa mto huu. Nikaendelea kushindilia. Nikatazama tena. Lilikuwa limegeuza upande.

Kisha nikaitwa jina langu.

Lilitoka majini, kwa uwazi, jina langu lote pamoja na la baba, kama linavyosomwa kwenye rejista. Sikuitika. Nilijua nikiitika tu nimekwisha, nitaenda tena kule kwenye maji ya kifuani. Na nikawaza: basi hata vidonge viwili havikutosha, wamerudi. Yaani nimepoteza kichwa kwa ajili ya dawa, na ugonjwa nao umerudi kuchukua kilichobaki. Machozi yakanitoka, nami naendelea kupiga udongo, maana sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono.

Likaita mara ya pili.

"We bwana, mbona humwitikii mamako?" bibi akasema.

"Na wewe umesikia?"

"Kwani mimi kiziwi?"

Mama alikuwa amesimama katika mtumbwi, mjomba anapiga kasia, wanapita kando ya lile gogo, ambalo lilikuwa gogo. Aliponiona nimetoa macho bila kujibu, hakungoja mtumbwi ufike. Alishuka majini na leso yake ya matangani, akaja, akasimama kando yangu, tukaziba pamoja. Tulishindilia mpaka maji yalipoacha kuvuja.

Kisha akaingia shambani. Akawa anachota hapa, anaonja, anachota pale, anaonja. Nilimfuata nyuma. Nilitafuta mzaha wa kusema na kwa mara ya kwanza sikuona hata mwanzo wake. Basi nikasema yote. Kidonge cha mchana, kikombe, ng'ombe wa kivuko, mstari wa Historia unaofutika, na jinsi ninavyoogopa kwamba nitaisha. Nilimwambia pia kwamba alipoita nilidhani ni wale. Nilisema bila mpangilio, nikarudia mengine, mengine nikayaacha katikati.

Bibi aliyekuwa juu ya tuta akadakia, "Usimchape, mwanangu. Mimi huyu sikumpendea akili."

Mama hakucheka. Alikuwa ameinama, kiganja kimejaa maji, yanamvuja katikati ya vidole. Upande wa chini wa shamba letu, na kipande cha bibi, vilikuwa vimeshakunywa chumvi. Upande wa juu bado. Nilimwuliza kwa sauti ndogo, "Na shule?"

Alijipangusa mkono kwa leso iliyolowa. Kisha akasema:

"Kesho maji yakipwa tunafungua, tunayatoa haya, na mpunga utakaopona utapona. Jumatatu tunaanzia kwa daktari. Mwambie haya ya kusahau kama ulivyoniambia mimi, na ukisahau kumwambia nitasema mimi. Ukitoka hapo unaingia darasani. Na kidonge, uliza. Hapa niulize mimi, kule shuleni muulize yule rafiki yako wa ng'ombe. Hata mara mia kwa siku, uliza. Mimi sitachoka. Nitakutukana, lakini nitakujibu."