Nyama ya Msiba wa Baba

Baba alifariki msimu wa kuvuna pamba, kijijini kwetu upande wa Kasoli. Kaburi lake walilichimba majirani Waislamu pamoja na watu wa kanisani kwetu, kama misiba yote. Dume la ng'ombe la kuwalisha waombolezaji nalo, kwa desturi, huchinjwa na Mwislamu ili kila mtu ale.

Jirani yetu alifika asubuhi na kisu chake. Mkewe alikuwa jikoni tangu alfajiri, akisonga ugali na mama. Mke huyo wa jirani nilimwita mayu, yaani mama kwa lugha yetu, kwa sababu alininyonyesha mama yangu alipougua.

Baba mkubwa, aliyeokoka karibuni huko mjini Bariadi, akasimama mbele ya ng'ombe.

"Marehemu ni wetu, ng'ombe ni wetu. Leo tunachinja wenyewe."

"Na sisi tutakula nini, kaka?" jirani aliuliza taratibu.

"Kuleni michembe."

Watu wakacheka, msibani pale pale, kusikia wageni wakiambiwa wale viazi vikavu.

Mama alitoka jikoni kumsihi. Baba mkubwa akamwambia kama anataka kubaki na shamba la mumewe, anyamaze. Mama akanyamaza. Kijana wa ukoo alichinja kwa kisu butu, na ng'ombe alikoroma muda mrefu huku tukitazama. Mayu akaweka mwiko chini, akanawa mikono, akamfuata mumewe. Wachimba kaburi Waislamu nao wakaondoka na njaa, udongo ukiwa bado miguuni.

Kesho yake mama alinichukua kwenda kuomba radhi. Alibeba kuku mzima, ili wamchinje wenyewe. Mayu alitupokea mlangoni, hakutukaribisha ndani. Alimfungua kuku kamba miguuni, akamfukuza barabarani.

"Wao sikuwategemea," alimwambia mama. "Wewe ndiye ulinyamaza."

"Ningefanya nini? Nina watoto."

"Hata mimi nina watoto. Nilimnyonyesha na wako."

Kabla ya mvua za kulimia, baba mkubwa alilichukua shamba. Alisema mjane asiye na mtoto wa kiume mkubwa hawezi kulisimamia. Tukafunga mizigo kwenda kwa wajomba zangu, Ipililo.

Njia ilipita mbele ya nyumba ya mayu. Alikuwa anaanika mtama uani. Mama alimsalimia, akasimama kusubiri, mzigo kichwani. Mayu hakuitika. Aliniangalia mimi, kisha akainama akaendelea kusambaza mtama kwa viganja.

"Twende," mama alisema.