Siku Mbunge wa Wadachi alipogeuka baba mkwe wa wanawake wote wa Ngonga

Wakuu, mugonile!

Hamjambo huko mliko? Huku kaskazini mwa Ziwa Nyasa mvua inanyesha, na ndizi ziko jikoni. Haya ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu. Nikiongeza chumvi, mke wangu Sekela yuko pembeni na mwiko mkononi.

Mnijue kwanza. Mimi ni mtu wa nyumbani. Shule ya misheni niliipanda mpaka ile ya juu, Kijerumani ninacho, kisha nikarudi kukalia baraza. Safari yangu ndefu ni kwenda Itungi kutazama meli na kurudi kabla chakula hakijapoa.

Sasa, hapa Ngonga kulikuwa na daktari kijana wa Kidachi, ndio hao Wajerumani. Alijenga banda la kuchunguza homa ya papasi, ile homa inayokuachia, unacheka, kisha inarudi. Humo aliwafuga papasi wenyewe, wale wadudu wanaouma usiku, ndani ya chupa.

Sekela ilimrudia mpaka nikawa nasali kwa sauti. Dawa ya yule daktari ndiyo iliyomsimamisha, na alikuwa bado hajamaliza kutibiwa.

Tena daktari alikuwa anafundisha wanawake: kuwasaka papasi kwenye nyufa za kuta, kuchemsha maji ya kunywa katika vyungu vya Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, kutazama damu kwenye hadubini. Sekela akanogewa na masomo. Mimi nikakosa amani. Nimelala zangu, mkeka unavutwa chini yangu ukapekuliwe!

Basi, ikaja habari kwamba Mbunge wa Bunge la kwao Ulaya yuko melini, anakuja kwetu. Ni mmoja wa wale wanaoamua fedha ya umma iende wapi. Alishasema huko kwao kwamba kulipia utafiti na masomo ya watu wanaomkimbia daktari ni upuuzi. Anakuja aone mwenyewe. Wakikimbia, banda linafungwa, na daktari anaondoka na dawa ya Sekela.



Nikaamriwa kutafsiri. Nikavaa kanzu, nikaonekana mtu.

Hapa lazima niwaeleze wageni jambo moja. Kwetu mwanamke haonani na baba mkwe wake. Hamtazami, hamtaji jina, wakikutana njiani anaingia porini. Tunaita ukutila. Na wanaume wote wa rika la baba mkwe nao ni baba mkwe.

Baba yangu ndiye mkuu wa hapa, kwa hiyo mpango ulikuwa hivi: yeye ampokee Mbunge, aondoke zake, ndipo wanawake watoke kuonyesha masomo yao.

Mpango mzuri. Baba akauharibu kwa ukarimu.

Alimtazama Mbunge, zile mvi, lile tumbo, akampenda papo hapo. Akampa mkono. "Mwambie, kuanzia leo yeye ni wa rika langu. Ni ndugu yangu kabisa."

Nikatafsiri. Mbunge akafurahi, daktari akapiga makofi. Nyuma ya banda nikasikia wanawake wakinong'ona kama nyuki. Baba akaenda zake, akitabasamu.

Daktari akaita, "Njooni, mama zangu!"

Wakuu, wakatoka, wakamwona Mbunge mlangoni, na yaliyofuata sijawahi kuyaona tena. Mmoja kajifunika ungo, mmoja yuko ndani ya mpunga mpaka kiunoni. Sekela wangu, mgonjwa wa juzi, karuka mfereji kama swala akapotelea migombani!

Mbunge akamgeukia daktari. "Si nilisema? Wanaogopa elimu. Fedha ya umma haitafuti watu porini. Niitieni wapagazi."

Nikamwona Sekela bila dawa. Nikasema, "Bwana, hawaogopi elimu. Wanakuogopa wewe."

"Mimi nimewafanya nini?"

"Umekuwa baba mkwe wao."

Nikamweleza yote. Tukamkimbilia Baba njiani, ausitishe huo urika. Akang'aka. "Ndugu ni shati, nivae nivue? Kama yeye ni mkwe, naye ajifiche!"

Basi Mbunge wa Bunge kubwa akaketi nyuma ya mkeka uliotundikwa, magoti kidevuni. Wanawake wakarudi. Sekela akaeleza masomo yote akiutazama ukuta, mimi nikitafsiri katikati.

"Naweza kuchungulia kidogo?" Mbunge akaninong'oneza.

"Chungulia, Baba akutoze ng'ombe."

Akatulia. Akauliza maswali mengi, akawa anacheka peke yake huko nyuma. Mwisho akasema, "Mimi nasema fedha ya umma itafute dawa na ifundishe watu, isiishie kwenye wadudu wa chupani."

Sekela akaujibu ukuta: "Mwambieni dawa imetokana na hao wadudu wa chupani. Na kodi ya nyumba yangu nayo imo katika hiyo fedha ya umma."

Hiyo ya kodi niliipunguza makali. Nina watoto.

Mbunge akaondoka hajasema banda libaki au lifungwe, nasi tukamsindikiza kuelekea Itungi kama watu wa msibani. Njiani, mbele yetu, wakatokea wanawake na mitungi ya maji. Kabla hawajageuka, chubwi! Suti nyeupe ya Mbunge iko matopeni, katikati ya mpunga, imewapa mgongo.

"Wamepita?" akauliza.

Wale mama walicheka mpaka mtungi mmoja ukavunjika. Naye akatoka anacheka, tope masikioni, akamwambia daktari, "Baki. Huko Bungeni nitasema mimi. Siwezi kuwafungia wakwe zangu shule."

Sekela alimaliza dawa. Homa haijarudi. Mkeka wangu bado unapekuliwa.

Nilichojifunza: ukiona watu wanaikimbia huduma, kabla hujaifunga, tazama ni nani amesimama mlangoni.

Ndaga fijo kwa kunisoma. Haya, wenye wakwe, nanyi mwageni yenu. Nani mwingine amewahi kuogelea tope kwa heshima?